Tuliuza Air Tanzania kwa Wasauzi, tukainunua tena. Waliokuwepo, hebu mtueleze ilikuwaje

Kirumba_Ziwani

Wakuu habari za leo. Wakubwa wote shikamooni.

Juzi jioni tulikuwa kijiweni hapa Kirumba, watu wanne na mjomba wangu. Mmoja wetu akawa anasoma kwenye simu habari za ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali: ATCL, yaani kampuni ya Air Tanzania, hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23, halafu bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Ukichanganya na Umoja wa Ulaya kuifungia anga yao Desemba 2024, kisha Juni 2025 wakafungia mashirika yote yenye cheti cha Tanzania, jamaa akahitimisha: "Wauze tu. Kenya waliuza KQ, Kenya Airways yao, mpaka leo inaruka."

Mjomba, dereva wa lori mstaafu, akaweka kikombe chini akasema, "Tulishauza. Ninyi mlikuwa watoto." Akanyamaza, hakuongeza kitu.

Mimi nimezaliwa 1998, kwa hiyo kweli nilikuwa mtoto. Nimetafuta usiku kucha. Nilichopata ni kwamba mwishoni mwa 2002 serikali iliwauzia South African Airways (SAA) asilimia 49 kwa dola milioni 20, na Septemba 2006 ikazinunua hisa zile zile kwa dola milioni 1. Hapo ndipo ninapokwama. Ukiuza kwa 20 ukanunua kwa 1, si umebaki na 19 mfukoni? Mbona kila anayeizungumzia biashara ile anaizungumzia kama msiba?

Halafu la pili: mbona KQ ilifanikiwa kwa njia ile ile?

Naomba wanijibu watu waliokuwa karibu na mambo haya. Ushabiki wa vyama tuuache kando, tafadhali.

---

Mzee_wa_Stoo

Marahaba mwanangu. Mjomba wako mpe salamu zangu, kumbukumbu yake iko sawa.

Mimi nilikuwa mtunza stoo wa vipuri vya ndege pale uwanja wa ndege Dar kwa miaka 22. Kampuni niliyoifanyia sitaitaja, wenzangu wengi bado wapo na wana familia zao. Sikuwa rubani wala mhasibu. Lakini mtu wa stoo anajua kampuni inaumwa miezi sita kabla mkurugenzi hajakiri, kwa sababu kila kinachokosekana huanza kukosekana dirishani kwake.

Nianze na hesabu yako, maana wengi wanaipiga hivyo hivyo. Zile dola milioni 20 hazikuingia zote Hazina. Milioni 10 ndiyo ilikuwa thamani ya hisa. Milioni 10 nyingine iliwekwa kwenye akaunti ya mtaji na mafunzo, yaani ibaki ndani ya kampuni iiendeshe. Sasa katika ile karibu miaka minne ya kuishi pamoja, kampuni ilipata hasara ya jumla karibu shilingi bilioni 24.7. Dola wakati huo ilikuwa shilingi elfu moja na kitu. Gawanya mwenyewe, utaona ni kama zile milioni 20 ziliingia mlango wa mbele zikatokea mlango wa nyuma. Mwaka 2006 tuliponunua kwa milioni 1, tulinunua jina, twiga mkiani, wafanyakazi wenye wasiwasi, na safari ambazo ndege za kuzifanya hazikuwa zetu.

Hiyo ndiyo 19 yako.

Sasa nikueleze stoo, kwa sababu bila stoo hutaelewa kwa nini tuliuza wala kwa nini haikusaidia.

Kila kifaa kilichoingia kwetu kilifungwa kadi kwa uzi. Kadi ya njano: kizima, kimepimwa, fundi anaweza kukifunga kwenye ndege leo. Kadi ya kijani: kibovu lakini kinatengenezeka, kipelekwe karakana, na karakana yenyewe mara nyingi iko nje ya nchi. Kadi nyekundu: kimekufa, kisiguse ndege tena. Nilipoanza kazi, rafu zangu zilikuwa za njano kuanzia mlangoni hadi ukutani. Ukiingia asubuhi ukawasha taa ulikuwa unaona njano tupu.

Kisha zikaanza kuzidi za kijani. Fedha zilipokuwa haba, karakana ya nje ilitaka ilipwe kwanza. Kifaa kimeshatengenezwa, kiko ndani ya sanduku huko Ulaya, kinasubiri ankara tu. Fundi anakuja dirishani saa 10 alfajiri, ndege ina abiria wa saa 12, anataka pampu ya mafuta ya injini. Nafungua kitabu, napita na kidole, namwambia sina. Hagombi. Anazima tochi, anakwenda kwenye ndege iliyolala kule mwisho wa uzio, ananyofoa ya pale.

Hilo si kosa kisheria, mradi iandikwe kwenye vitabu vya ndege zote mbili. Lakini angalia gharama yake. Kazi ambayo ingekuwa kufungua mara moja na kufunga mara moja imekuwa kufungua mara mbili na kufunga mara mbili, kwa mafundi wale wale, usiku ule ule. Na ndege iliyolala sasa inazidi kulala, kwa sababu hata hela ikipatikana, itabidi irudishiwe pampu kwanza ndipo lianze kushughulikiwa lile lililoilaza. Siku moja nilitumwa nikahesabu vilivyonyofolewa kwenye ndege moja. Nilipanda na daftari, nikatoka na idadi ya vitu 43, kuanzia pampu hadi kiti cha rubani msaidizi. Pale kilipokuwa kiti palikuwa na skrubu nne zimefungwa kwenye kimfuko cha plastiki, zimening'inizwa kwa uzi. Vitabuni ndege ile ilikuwa bado inahesabiwa ni mali ya kampuni.

Sasa kampuni ikifika hapo ndipo wakubwa huanza kusema watafute mbia. Ndiyo maana nakuambia mwanangu, tatizo kubwa la ubinafsishaji wa nchi zetu ni saa ulipofanyika. Unamwita mnunuzi wakati rafu zako zote ni kijani na nyekundu. Anakuja na mkaguzi wake, anazunguka stoo nusu saa, anajua bei. Mwaka 2002 zabuni ya Air Tanzania ilipofungwa, aliyekuwa ameleta maombi ni SAA peke yake. Mwenye ng'ombe mgonjwa na mnunuzi mmoja mnadani, nani anapanga bei?

Na ugonjwa wetu ni wa zamani kuliko PSRC, ile tume ya kubinafsisha mashirika ya umma. Ulianza Februari 1977. East African Airways ilipovunjika, makao makuu na karakana kubwa vilikuwa Embakasi, Nairobi. Mafundi wa kazi nzito walikuwa huko, mashine zilikuwa huko, stoo kuu ilikuwa huko. Kenya Airways walianza kuruka tarehe 4 Februari wakiwa tayari wana pa kutengenezea. Sisi tuliunda ATC, shirika la Air Tanzania la mwanzo, mwezi Machi tukiwa na moyo na sheria ya Bunge. Zile Boeing 737 mbili zilipofika, Kilimanjaro na Serengeti, nchi nzima ilijivuna, na mimi nilijivuna. Lakini ndege unaweza kuinunua kwa siku moja. Karakana yenye mafundi waliokomaa huinunui, unailea miaka 20.

Nitaendelea, macho yamechoka.

---

Mvita_Kaskazini

Shikamoo mzee wetu. Mimi niko Mombasa, niongezee upande wa Kenya maana jamaa wa kijiweni huko Mwanza wanaifupisha sana hadithi ya KQ.

Watu husema "Kenya iliuza KQ 1996 ikapona". Mambo yalikuwa kinyume, ilipona kwanza ndipo ikauzwa. Miaka ya themanini KQ ilikuwa na madeni na ndege za kuchelewa kama mashirika mengine ya serikali. Mwaka 1991 ikawekwa bodi mpya chini ya marehemu Philip Ndegwa, ikapewa amri iendeshe shirika kibiashara, wakaletwa wasimamizi kutoka nje, wakapunguza ndege zisizolipa, na serikali ikabeba madeni ya zamani. Kufikia mwaka wa fedha 1993/94 ilikuwa inaonyesha faida. Ndipo wakamtafuta mbia. KLM, shirika la ndege la Uholanzi, wakachukua asilimia 26, serikali ikabaki na 23, na asilimia 51 ikaenda kwa watu wengine, wakiwemo wananchi wa kawaida kupitia soko la hisa la Nairobi, shilingi 11.25 kwa hisa.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kisauni. Alikwenda mwenyewe benki Moi Avenue akapanga foleni akanunua hisa 500. Cheti chake alikitia fremu, akakitundika sebuleni kando ya picha ya Al-Kaaba. Ndege ya KQ ikipita juu ya nyumba yetu kwenda Moi International alikuwa anasimama uani anaitazama mpaka inatua. Alisema, "Ile tairi moja yangu." Sisi watoto tulikuwa tunajua ratiba ya ndege kwa kumuangalia yeye.

Ile fahari ya mtu wa kawaida kuwa na kipande cha shirika la nchi, hiyo sijaiona mkiitaja kwenye habari ya Wasauzi. Kwenu mwananchi hakuingizwa kabisa.

Lakini pia nisiwadanganye. Kupona kwa kwanza si kupona kwa milele. Baadaye KQ walijitanua haraka, wakaagiza ndege nyingi kwa mkopo, watalii wakapungua kwa hofu ya mashambulizi, na mwaka wa fedha 2014/15 wakatangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7 za Kenya, na uliofuata bilioni 26.2. Mwaka 2017 madeni yakageuzwa kuwa hisa: serikali ikapanda hadi asilimia 48.9, mabenki 38.1, KLM wakashuka hadi 7.8. Hebu fikiria mwenye hisa 500 hapo anabaki na nini. Mwaka 2024 walipata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, sote tukapiga makofi. Nusu ya kwanza ya 2025, hasara tena ya bilioni 12 na ushei. Na sababu kubwa waliyoitoa, mzee wa stoo utaijua bila kuambiwa: Boeing 787 tatu zilikuwa zimelala chini zikisubiri injini na vipuri.

---

Mtaa_wa_Swahili

Mimi nina duka Kariakoo na siamini serikali inaweza kuendesha biashara, hilo niliseme wazi. Lakini kuna jambo moja kwenye historia hii watu hulipita.

SAA ni ya nani? Ni ya serikali ya Afrika Kusini. Kwa hiyo 2002 hatukubinafsisha chochote. Tulitoa asilimia 49 kutoka serikali ya Dar tukaipa serikali ya Pretoria. Na huyo mbia tuliyemtegemea atufundishe kazi, Desemba 2019 yeye mwenyewe aliwekwa chini ya msimamizi wa kuokoa kampuni zilizozidiwa na madeni, akasimama kuruka, akarudi angani Septemba 2021 akiwa mdogo sana. Wakataka kuiuzia kampuni binafsi asilimia 51 ya hisa zake, mpango ule ukafa Machi 2024.

Mtu akisema "tulishauza ikashindikana", mimi namjibu hatujawahi kuuza. Wauzie wananchi kwenye soko la hisa la Dar, weka bodi isiyobadilishwa kila akibadilika waziri, halafu tuone.

---

Mzee_wa_Stoo

Nimerudi. Mwenye duka umesema kweli kuhusu SAA, na wa Mombasa umenirudisha mbali na hiyo fremu ya marehemu mzee wako. Mungu amrehemu.

Niwajibu nyote wawili kwa kitu kimoja ambacho nilikifikiria miaka mingi nikiwa kwenye basi la wafanyakazi. Chukueni ramani. Mtu anatoka Mwanza au Dar anataka kwenda Amsterdam. Nairobi iko njiani. KLM walikuwa na sababu ya kuitaka KQ iwe kubwa, kwa sababu KQ ikikusanya abiria kutoka Entebbe, Dar, Lusaka na Kigali ikawamwaga Nairobi, ndege ya KLM inajaa. Faida ya mmoja inamnenepesha mwingine.

Sasa mweke mtu huyo huyo mikononi mwa SAA. Ndege yao kubwa ya kwenda Ulaya inaondokea Johannesburg. Msafiri wa Dar anashushwa kusini zaidi ya saa tatu ndipo ageuzwe kurudi kaskazini, apite tena juu ya nchi yake. Ni nani atakayekubali kama ana njia nyingine? Walisema Dar itakuwa kituo chao cha Afrika Mashariki, tutaruka Uarabuni na kwingine kutokea hapa. Wenye Johannesburg wana haraka gani ya kuijenga Dar ishindane na kwao? Tiketi zilikatwa kwa kitabu cha SAA, kile kinachoanza na 083. Namba yetu wenyewe, 197, tuliirudia baada ya kuachana. Kwa abiria, hizo ni tarakimu tatu tu. Kwa shirika ni mlango ambao hela ya tiketi inapitia kabla haijafika kwako, na mlango ule ulikuwa Johannesburg.

Kwa hiyo mimi nikisikia habari ya mbia, kabla sijauliza ana hela kiasi gani, nauliza: ndege zake zinaondokea wapi? Akiwa na kituo chake kikubwa ambacho mimi nikikua nitakipunguzia abiria, huyo atanishika mkono huku amenikanyaga mguu, hata kama ni mtu mwema.

Baada ya 2006 tulibaki wenyewe. Mwaka 2007 shirika likazinduliwa upya kwa shangwe, likakodi ndege, ikiwemo Airbus A320 iliyokuja kuliachia taifa deni la mamilioni ya dola, deni lililotajwa miaka mingi kwenye ripoti za CAG. Desemba 2008 TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, wakazuia cheti cha kuruka, na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, nao wakalifungia. Cheti kilirudishwa Januari, lakini abiria aliyeachwa uwanjani sikukuu ya Krismasi harudi kwa sababu cheti kimerudi. Aprili 2012 ile Dash 8 ikapata ajali Kigoma ikijaribu kuruka, kwa rehema ya Mungu hakufa mtu, na shirika likabaki karibu mikono mitupu.

Ndipo 2016 zikaja Bombardier mbili mpya, kisha Dreamliner Julai 2018, kisha Airbus A220 mwezi Desemba, ya kwanza Afrika nzima. Nilikwenda uwanjani kuiona Dreamliner inatua. Niliangua kilio mbele ya mke wangu, sioni haya kusema. Safari hii ndege zilinunuliwa zikiwa mali ya Wakala wa Ndege za Serikali, ATCL wakazikodi kutoka huko. Na bado, zile A220 zikaja kulazwa kwa matatizo ya injini zake, matatizo ambayo hayakuwa ya Tanzania peke yetu, mashirika mengi duniani yaliumia. Tofauti ni kwamba mwenye ndege 100 akilaza tano anapunguza ratiba. Mwenye ndege nne za aina hiyo akilaza mbili, nusu ya njia zake za kanda zimekufa, na mkopo au kodi ya ndege haisubiri injini irudi.

Mwenye duka, uza hisa kwa wananchi, sipingi. Ila kabla mwananchi hajatoa hela yake, aonyeshwe rafu. Vipuri vya njano ni vya miezi mingapi? Vya kijani viko karakana ya nani na vinadaiwa kiasi gani? Injini ikifika muda wake wa ukaguzi mkubwa, fedha yake imewekwa akiba au itaombwa Hazina siku hiyo? Mwalimu wa Kisauni alinunua baada ya shirika kutibiwa. Ukimuuzia mwalimu wa Kirumba shirika kabla ya kulitibu, umemuuzia kadi ya kijani kwa bei ya njano.

---

Dada_wa_Lizaboni

Shikamoo baba. Nimesoma yote na nakushukuru, ila kuna upande hamjaugusa. Nyote mnaongelea ndege kama mali ya kuuza na kununua. Mimi niko Songea.

Mama yangu ana tatizo la moyo, ana kliniki Taasisi ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili kila baada ya miezi mitatu. Kutoka hapa hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 900. Tulikuwa tunapanda basi alfajiri kabla ya adhana, tukifika Dar ni usiku. Safari ya mwisho ya basi miguu yake ilivimba mpaka viatu vikabidi nivikate kwa kisu tulipofika stendi, kwa sababu havikutoka. Alinyamaza tu, alikuwa ananitazama ninavyokata. Viatu vilikuwa vipya, nilimnunulia Idi.

Sasa tunapanda Bombardier. Dakika chache baada ya saa moja tunaona bahari. Tiketi si rahisi, ndugu tunachanga, dada yangu wa Mbinga anauza kahawa yake mapema kwa bei ya hasara ili itimie. Lakini mama anafika akiwa anatembea mwenyewe.

Niambieni, ni kampuni gani binafsi itakuja Songea? Mpanda je? Ndege ikiwa na abiria 30 kati ya viti 76, mwenye hisa atakubali? Nikisoma "hasara bilioni 91.8" najiuliza ni kiasi gani cha hasara hiyo ni miguu ya mama yangu. Kama ni hivyo, mimi siiti hasara.

---

Mzee_wa_Stoo

Binti yangu, marahaba. Nimeisoma ya viatu mara mbili.

Swali lako la mwisho ndilo swali linalotakiwa kuulizwa bungeni, na halina jibu kwa sababu kwenye vitabu vyetu hasara yote inamwagwa kwenye ndoo moja. Ndege ya Songea iliyokwenda na watu 30, na injini iliyolala mwaka mzima kwa kuwa hakukuwa na ya akiba, na safari ya nje iliyofunguliwa kwa sherehe ikafungwa kimya, zote zinatoka zikiitwa bilioni 91.8. Mwenye nia mbaya anaonyesha ndoo anasema uza yote. Mwenye uvivu anaonyesha ndoo hiyo hiyo anasema ni huduma kwa wananchi, msituulize.

Mimi ningetaka Songea iandikwe peke yake. Serikali iseme: njia ya Songea, Mpanda na Kigoma tunazitaka zirukwe mara kadhaa kwa wiki, kila kiti kinachobaki wazi tunakilipia kiasi fulani, na fedha hiyo iko kwenye bajeti ya wizara kama ilivyo ya barabara. Barabara ya Makambako hadi Songea hakuna anayeuliza imeleta faida gani mwaka huu. Halafu kinachobaki kwenye ndoo, baada ya kuitoa Songea, hicho ndicho tuwaulize mameneja. Hapo shirika liwe la serikali, la mbia au la wanahisa, mama yako ana kiti chake kwenye mkataba.

---

Dada_wa_Lizaboni

Nimekuelewa baba, na nakubali kwa kiasi. Hofu yangu ni moja. Leo Songea imejificha ndani ya ndoo, hakuna anayeiona. Ukiiandika mstari wake na kiasi chake, mwaka ambao fedha zitakuwa ngumu, kitakachokatwa cha kwanza si kile kilichoandikwa wazi?

---

Kirumba_Ziwani

Mzee wangu, nimemsomea mjomba majibu yako yote kijiweni, na ya wengine. Kadi za rangi zimemgusa. Amesema lori lake la mwisho nalo liliuzwa hivyo hivyo, kipande kipande, bosi akiwa bado analihesabu. Ila hata yeye ameshikwa na swali la huyu dada wa Songea. Ungemjibuje?

---

Mzee_wa_Stoo

Ningemjibu kwamba ana haki ya kuogopa, nimeona mistari mingi ikikatwa.

Lakini binti, ndani ya ndoo hukatwi hadharani, unakatwa kimyakimya. Hakuna anayetangaza kwamba Songea imefutwa. Ndege ya Jumanne inaahirishwa kwa sababu za kiufundi, kisha ya Alhamisi, kisha ratiba mpya inatoka ina safari moja pungufu, na wewe umesimama pale uwanjani na mama hujui umlaumu nani. Nimekaa upande wa pili wa dirisha hilo. Ndege ikiwa moja na njia mbili, fundi akaniambia kipuri hakuna, ofisini hawakuwa wanauliza ni wapi kuna mgonjwa. Walikuwa wanauliza ni njia gani ina abiria wanaolipa zaidi. Songea ya siku hizo ilikuwa inapoteza kila mara, na haikuandikwa popote kwamba imepoteza.

Mstari ukikatwa bungeni, mbunge wako anasimama akiwa na tarakimu mkononi. Hilo ndilo ninaloweza kukupa. Kliniki ya mama ni lini?

---

Dada_wa_Lizaboni

Jumatatu ijayo, baba. Tunaondoka Jumapili mchana. Tiketi tumeshakata.